Kitambaa cha Saba cha Mlango wa Tatu

Gharama yote ya jambo hili ilikuwa mtu mmoja, siku tisa za ukimya kwenye masafa yetu, kapasita mbili na kitambaa chekundu chenye upana wa viganja viwili. Nimehesabu mara mbili. Kapasita zililetwa nyingine. Masafa yalirudi. Kitambaa ninacho mimi. Mtu ndiye ambaye hakurudi, na kila mmoja wenu alimsikia kwangu katika wiki yake ya kwanza ya kazi, nilipowasimamisha mbele ya mlango wa tatu wa mtambo nikawaambia, "Hapa ndipo Athumani alipokufa kwa uzembe."

Siku ya kuniaga mlinipa godoro na birika la umeme, nadhani kwa maana kwamba sasa nilale na ninywe chai. Mkaniomba pia niandike ya kazini, mradi yasiwe marefu. Vyeo nitaviruka, na mishahara nayo nitairuka, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vifupi. Nitaandika juu ya kengele za hitilafu, maana ndizo nilizoishi nazo, na mwisho nina jambo la kuwauliza.

Nilikulia Mombo. Wazazi wangu waliteremka kutoka milimani, na mama yangu alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha na ndizi kwa abiria wa mabasi. Basi likisimama una dakika chache tu. Mkono mmoja unatoa mayai dirishani, mwingine unapokea noti, na kichwa kinapiga hesabu ya chenji huku dereva ameshaanza kukanyaga mafuta. Mama alinifundisha kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa vidole. Macho yanaona kile unachotaka kukiona. Vidole havina haja ya kukufurahisha. Niliposoma ufundi wa umeme na kupangiwa kituo cha kurushia matangazo nje kidogo ya Korogwe, njia ya kwenda Handeni, nilikwenda na elimu mbili, moja ya cheti na moja ya Mombo. Ya Mombo ndiyo iliyonifaa siku ya kwanza.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Mhina, Mzigua wa Handeni, mfupi, mkavu, mwenye overoli iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama kuanzia viatu.

"Wamekuleta kupika chai?"

"Wamenileta kufanya kazi, mzee."

"Chai nayo ni kazi. Unajua nini?"

"Najua umeme kidogo. Na najua kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Chenji."

Hakucheka. Alinipeleka mbele ya mtambo, kabati kubwa la chuma lenye milango mitatu, linalovuma kama mashine ya kusaga. Juu yake kulikuwa na ubao wenye safu za taa ndogo. "Hizi ni za hitilafu," akasema. "Zihesabu." Nikahesabu: ishirini na nne. Akaniambia nihesabu tena. Nikahesabu kwa kidole: ishirini na tano. Moja ilikuwa imeungua, haiwaki hata mtambo ukiugua, na kioo chake kilikuwa kimefifia mpaka kimefanana na chuma. "Hiyo ndiyo itakayokuua," akasema Mzee Mhina, akatoa taa mpya mfukoni akaibadilisha. Baadaye niligundua alikuwa akiwawekea hivyo wageni wote. Wengi walihesabu mara moja.

Somo lake la pili lilinichukua miaka kuliamini. Mtambo ukizimika, taa haiwaki moja. Zinawaka tano, saba, na kengele inalia juu yake, na fundi mgeni hukimbilia taa kubwa kuliko zote. Mzee Mhina alikuwa akikaa. Kweli, alivuta kiti akakaa. "Usiniambie zinazowaka," alikuwa akisema, "niambie iliyoanza." Wiki yangu ya tatu mtambo ulizimika mara nne kwa asubuhi moja. Taa ya joto, taa ya mkondo kuzidi, taa ya nguvu kushuka, zote. Nilifungua nusu ya kabati nikitafuta taa kubwa ya kioo, ile ya ndani inayokuza mawimbi, nikidhani imechoka. Yeye alikwenda nyuma ya nyumba, akachomoa chujio la hewa, akalirusha mbele yangu. Lilikuwa limefunga blanketi la vumbi la katani. Kiwanda cha Ngombezi kilikuwa kikisaga mfululizo na upepo ulikuwa unaelekea kwetu. Hewa ilikosekana kwanza, joto likafuata, mengine yakafuata joto. Tangu hapo nilikuwa naosha chujio kila Jumatano, mvua au jua. Niwekeeni akiba hiyo Jumatano, nitaihitaji mbele.

Sasa vitambaa. Mtambo wa zamani ulikuwa mgonjwa, na vipuri vilikuja kwa mwendo wa jongoo. Kengele nyingine zilikuwa zinalia bila sababu, kwa kuwa kifaa chake cha kupima ndicho kibovu, na kila zikilia zinazima matangazo. Hapo fundi huweka jampa, kipande cha waya kinachounganisha nyaya mbili ili mtambo udhani kila kitu kiko salama. Kwa maneno mengine, unaiziba kengele mdomo. Kila kituo kinafanya, na kila kituo kitakataa. Mzee Mhina alijua kwamba hatari ya jampa ni kusahauliwa, akaweka utaratibu wake. Aliuiga kwa malori ya Ngombezi, yale yanayobeba mzigo uliozidi urefu wa bodi na kufungwa kitambaa chekundu nyuma ili anayefuata asijichome. Alichana khanga nyekundu ya mkewe, sijui kwa ruhusa ya nani, na sheria ikawa hii: ukiweka jampa, funga kitambaa mahali pake na andika kwenye daftari la zamu. Anayepokea zamu anahesabu vitambaa na anahesabu mistari ya daftari. Vikilingana, anasaini.

Na sheria ya juu ya hizo: milango haiwekwi jampa. Kila mlango wa kabati ulikuwa na swichi. Ukiufungua, swichi inakata umeme mkubwa, volti elfu kumi, kabla mkono wako haujaingia. Ukishafungua, unachukua fimbo ya kutuliza, fimbo ndefu yenye ndoana ya shaba na waya unaokwenda ardhini, unaigusisha kwenye kapasita ili umeme uliobaki ndani yake umalizike. Fimbo ilikuwa ikining'inia ndani ya kabati, upande wa kushoto wa mlango, usiweze kusingizia kwamba hukuiona. "Mlango ukiuziba mdomo," alisema Mzee Mhina, "umelinunua kaburi, umebaki kuchagua wa kulilalia." Alistaafu, akarudi Handeni kulima. Alifariki salama kitandani kwake, jambo ambalo kwa fundi wa mitambo ya aina ile ni sifa.

Tulibaki mafundi wawili, mimi na Athumani. Athumani alikuwa Mzigua wa Kwedizinga, mrefu, mwenye kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Alikuwa na mke, Mama Salimu, na shamba la mahindi alilolipenda kuliko mtambo, na hakuficha. Mimi aliniita Mama Chenji. Nilimwambia Wazigua wanalima mpaka usingizini, akaniambia sisi Wasambaa tunauza mpaka usingizini. Hatukuwahi kumaliza ugomvi huo. Kazini alikuwa makini kuliko mimi. Naliandika hili kwa makusudi, na nitalirudia kabla sijamaliza: alikuwa makini kuliko mimi.

Mwaka huo mvua zilipokolea, Athumani alichukua likizo ya wiki mbili kwenda kupalilia. Nikabeba zamu zote, nikalala kituoni, nikala wali na maharage mpaka nikaanza kufanana nayo. Siku ya tatu swichi ya mlango wa tatu ilianza. Feni ikitetemesha kabati, swichi inaachia, taa ya mlango inawaka na matangazo yanakatika, halafu yanarudi. Mara saba kwa siku. Mara kumi na moja. Niliisafisha, nikaikaza, nikaipinda ulimi wake. Ilikuwa imechoka. Nilimpigia simu mkuu wa kituo, ambaye ofisi yake ilikuwa mjini Korogwe, nikamwomba swichi mpya.

"Swichi imeagizwa," akasema.

"Imeagizwa lini, bosi?"

"Inaagizwa. Tumia akili, Mama Neema. Lakini hewani tusitoke, kuna wageni wanakuja wiki ijayo kutoka makao makuu."

Sitamrundikia yeye. Aliniambia nitumie akili, na akili ilikuwa yangu. Niliweka jampa kwenye mlango wa tatu. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye kitasa chake, kama sheria inavyotaka. Daftari sikuandika. Jampa sita za kengele nyingine zilikuwa zimeandikwa, kila moja na tarehe yake, lakini ya mlango ilikuwa haramu, na kuiandika ni kujishtaki kwa saini yangu mwenyewe. Nikajiambia kitambaa kinatosha, ni cha siku chache. Kwa hiyo vitambaa vilikuwa saba na mistari sita. Nilijua tofauti hiyo, na nilijipa ahadi ya kuikumbuka.

Wageni walikuja Ijumaa. Mkuu wa kituo alitangulia nusu saa, akaingia, akaona vitambaa.

"Haya matambara ni ya nini? Mnafua nguo humu?"

"Ni alama, bosi. Kila kimoja kina jampa yake."

"Ziondoe. Wakiondoka utazirudisha."

Nilivitoa vyote saba kwa haraka, vingine mfuko wa mbele wa overoli, vingine wa nyuma. Wageni walipita, wakausifu usafi, wakapiga picha mbele ya mlango wa tatu, wakanywa soda. Magari yalipoondoka nilichukua daftari, nikasoma mstari wa kwanza, nikafunga kitambaa. Wa pili, nikafunga. Hivyo mpaka wa sita. Nikahesabu vitambaa kwa macho: sita. Daftari: sita. Nikahesabu tena kwa kidole, kama mama alivyonifundisha: sita na sita. Nilisaini. Vidole vyangu vilihesabu sawasawa kabisa. Vilihesabu daftari nililoliandika uongo.

Jumatatu Athumani alirudi, amekolea jua, na fungu la mahindi mabichi begani. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kuona taa mbili mahali penye moja.

"Mama Chenji! Hujafa bado?"

"Nakusubiri wewe utangulie, wewe si ndiye mwenye shamba la kuzikiwa?"

Nimeandika kama nilivyosema. Ningeweza kuyafuta.

Tukakabidhiana. Akaniuliza, "Umeacha jampa ngapi?"

"Sita."

"Sita za kweli au sita za Mombo?"

"Hesabu mwenyewe, wewe ulisoma."

Akahesabu. Vitambaa, kisha daftari, kisha vitambaa tena. Akasaini chini ya jina langu. Alipita mbele ya mlango wa tatu, akaona kitasa kitupu, na kitasa kitupu kwa utaratibu wa Mzee Mhina kilikuwa na maana moja tu: mlango huu ni mzima.

Jumatano, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nje kwenye bomba naosha chujio la hewa. Nilisikia kengele ndani, kisha mpasuko mkavu, kama ubao unaovunjwa kwenye goti. Dirisha lilikuwa wazi. Athumani akapaza sauti, "Mama Neema! Mkondo umetangulia, nguvu ikafuata! Ni kapasita ya tatu, inatoa moshi! Nafungua!"

Kwa maneno mengine alifanya kama alivyofundishwa. Alitazama ipi imeanza, akaitaja, akaniambia anachotaka kufanya. Kufungua mlango ndiyo ilikuwa njia ya haraka kuliko zote ya kukata umeme mkubwa.

Nikajibu, mikono imejaa povu, "Fungua!"

Hilo ndilo neno la mwisho alilosikia kwangu. Sikufikiri. Ningekuwa nimefikiri hata kwa muda wa kukunja kitambaa ningepiga kelele. Nilisikia mlango, nikasikia kishindo, na mtambo ukanyamaza wenyewe.

Niliingia. Nilishusha swichi kuu kwanza, mikono yangu ilijua kazi yake. Alikuwa amelala ubavu mbele ya mlango wa tatu. Fimbo ya kutuliza ilikuwa katika mkono wake wa kulia, vidole vimeifumbata. Alikuwa ameingiza mkono kushoto kuitundua, na kiwiko kikapita karibu na kapasita iliyokuwa na umeme wake wote. Nilivifungua vidole, fimbo ikaanguka sakafuni. Nilimgeuza, nikambana kifua kama tulivyofundishwa, nikahesabu, nikahesabu tena, mpaka mlinzi wa getini alipokuja na kunishika bega. Harufu sitaiandika.

Mlinzi alikimbia barabarani kutafuta gari. Nikabaki peke yangu na Athumani kwa dakika zisizozidi kumi. Nikainua macho nikaona ile jampa, kipande cha waya wa njano nyuma ya swichi ya mlango wa tatu. Nikaing'oa. Nasema wazi kwamba hakuna aliyeniambia. Niliipeleka mfuko wa nyuma wa overoli, na vidole vyangu vikakuta kitu laini humo ndani.

Mnajua sasa kilikuwa nini.

Tulimzika Kwedizinga kesho yake. Siku chache baadaye walikuja wachunguzi watatu, watu wenye adabu, na tesita nzuri kuliko yetu. Waliipima swichi ya mlango wa tatu mara ishirini. Ile swichi iliyokuwa ikiachia mara kumi na moja kwa siku, mbele yao ilisimama imara kama askari wa gwaride. Wakahesabu jampa na vitambaa na mistari: sita, sita, sita. Basi wakaniuliza, "Ulipofika, fimbo ya kutuliza ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa sakafuni."

Ilikuwa kweli. Ukweli niliwauzia kwa rejareja, kipande kimoja, nikabaki na mzigo mzima ndani. Wakaandika kwamba mlango ulikata umeme kama kawaida, kwamba marehemu aliingiza mkono bila kutumia fimbo kutuliza umeme uliobaki kwenye kapasita, na kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa marehemu. Nilisaini kama shahidi.

Kwenye arobaini nilikwenda Kwedizinga na mchele na sukari. Mama Salimu alinipeleka nyuma ya nyumba, wanawake wengine wakiwa wanapika. Alikuwa na barua ya ofisi imekunjwa kwenye pindo la khanga.

"Imeandikwa hakutumia fimbo," akasema. "Na kwa kuwa kosa ni lake, kile cha ajali hatupewi. Hilo la hela nimelielewa. Nieleze fimbo ni nini."

Nikamweleza.

"Na yeye hakuishika?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Nimekuuliza wewe, Mama Neema. Wao sikuwauliza."

Sufuria zilikuwa zinagongana. Nikasema, "Sikuona vizuri."

Hakulia. Alikunja barua, akairudisha kwenye pindo, akafunga fundo. "Haya," akasema. "Ahsante kwa mchele." Tangu siku hiyo sijakanyaga Kwedizinga. Nilipokuwa naenda Handeni nilikaa upande wa pili wa basi, nisikione kijiji.

Kilichofuata mnakijua kuliko mimi, kwa kuwa ninyi ndio mliokifanya, nami ndiye niliyewapa. Ofisi ilitaka somo la usalama kwa mafundi wapya, na kisa kilikuwa tayari kimeandikwa. Nikakifundisha. Kila kundi lilipokuja niliwasimamisha mbele ya mlango wa tatu, nikawaonyesha fimbo, nikawaambia Athumani aliidharau. Mkaelewa vizuri mno. Mkatunga na neno. Fundi akisahau kofia ngumu mnamwambia, "Acha uathumani." Nililisikia kwa mara ya kwanza kantini, mmecheka wote, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane sijacheka. Nimelisikia tangu hapo kila wiki. Baada ya arobaini nilijua nimemnyima mjane haki yake. Kantini ndipo nilipojua nimelichukua na jina la mumewe, nikaligawa bure.

Mtambo wa zamani uliondolewa, ukaja huu wenu wa skrini ya kioo. Huu hauna haja ya vitambaa. Kila hitilafu unaiandika wenyewe, na saa yake na sekunde, na ukiziba kengele unaandika kwamba imezibwa, na ukitaka kufuta unaandika kwamba umetaka kufuta. Siku walipoufunga nililala hoi. Mlidhani ni malaria.

Basi masomo ya kazi niliyowaahidi ni haya, na ni machache. Osheni chujio Jumatano. Taa ya hitilafu isiyowaka ijaribuni kila mwezi. Msiweke jampa mlangoni hata akiwaamuru nani. Daftari na alama mkivihesabu vikalingana, nyanyukeni mkahesabu na waya zenyewe, nyuma ya kabati, kwa mkono, mtambo ukiwa umezimwa. Nami narudia kama nilivyoahidi: Athumani alikuwa makini kuliko mimi. Alihesabu mara tatu siku ile. Fimbo ilikuwa mkononi mwake.

Sasa ombi langu. Mbele yangu mezani kuna kitambaa, waya wa njano wenye urefu wa kidole na nakala ya daftari la wiki ile. Vitu vitatu. Mama Salimu yuko hai, analima palepale. Nimeuliza kwa watu wa Kwedizinga wanaokuja sokoni, wakasema mgongo unamsumbua lakini kumbukumbu haijambo. Nimeandika barua mbili, moja ya ofisi na moja ya kwake, na zote hazijatoka nyumbani.

Nikianzia ofisini, wataunda kamati, watapima, wataahirisha, na yeye atasikia kwa kuitwa na mtu asiyemjua, wakati aliniuliza mimi. Nikianzia kwake, nitakuwa nimemwambia nikiwa mikono mitupu, kabla ofisi haijakiri lolote, na ofisi ikikana mumewe atakuwa amezikwa mara ya pili mbele yake. Maisha yangu yote nimepatana bei, na hapa sioni hata pa kuanzia kutaja. Mzee Mhina angevuta kiti, akakaa, akaniuliza ipi iliyoanza. Nimehesabu kurudi nyuma: waya nilioung'oa, kitambaa nilichosahau, mstari ambao sikuuandika. Ulioanza ni mstari.

Ninyi ni mafundi tisa kwenye kundi letu la simu. Nataka majibu tisa, kila mmoja na lake, msiambizane. Niambieni nianzie wapi, Kwedizinga au ofisini. Basi la Handeni linapita Korogwe asubuhi, na nitangoja hadi Jumatano. Na yeyote atakayenijibu, aniambie pia kama yuko tayari kwenda nami mpaka kwenye ua wa Mama Salimu, asimame nyuma yangu, ili akiniuliza tena kama niliona, pawe na mtu wa pili wa kusikia nikisema niliona.